Ankara Mbili, Kontena Moja

Chukua mfanyabiashara wa Arusha aliyeagiza kontena la vyombo vya hoteli kutoka Guangzhou. Meli bado inakata Bahari ya Hindi, ushuru haujalipwa hata senti, na tayari loji moja ya Usa River inautaka mzigo wote. Alinunua kwa dola 20,000, nauli ya meli na bima zikiwemo. Anauza kwa 26,000. Kontena ni lile lile, ila sasa lina ankara mbili, na wakala wa forodha anauliza aambatishe ipi.

Jibu la haraka ni ile ya Guangzhou, kwa kuwa ina tarakimu ndogo. Ni jibu baya.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyopitishwa na Bunge la Jumuiya hiyo lenye makao yake hapa hapa Arusha, inasema katika Jedwali la Nne kwamba thamani ya forodha ni bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa pale bidhaa zinapouzwa ili ziletwe katika nchi mwanachama. Msingi wa maneno hayo ni mkataba wa uthamini wa Shirika la Biashara Duniani. Mauzo yakiwa mawili, kamati ya wataalamu ya Shirika la Forodha Duniani ilitoa maoni mwaka 2007: yanayohesabika ni ya mwisho kabla bidhaa hazijaingia nchini. Marekani bado inakubali mauzo ya kwanza kwa masharti; Umoja wa Ulaya uliachana nayo 2016.

Tuhesabu. Tuseme ushuru ni asilimia 25, na tuache tozo ndogondogo. Kwa ankara ya kwanza, ushuru ni dola 5,000 na VAT ya asilimia 18 juu ya 25,000 ni 4,500. Kwa ya pili, ushuru ni 6,500 na VAT 5,850. Tofauti ni dola 2,850. Loji iliyosajiliwa VAT inaweza kudai sehemu ya kodi hiyo, ushuru haurudi. Kwa hiyo anayepatana bei ya mzigo ulio baharini bila kuhesabu ushuru wa faida ya mwenzake amejipunja mwenyewe.

Makaratasi nayo lazima yaoane. Ankara ya pili itaje muuzaji, mnunuzi, tarehe ya mauzo, masharti ya kukabidhi mzigo, jina la meli na namba ya kontena. Hati ya shehena, ile mawakala wanayoiita BL, ikiwa ya "kwa amri", inasainiwa nyuma na kumfikia mnunuzi. Ikiwa imeandikwa jina la mtu mmoja tu, saini ya nyuma haisaidii. Kampuni ya meli ndiyo ya kuombwa ibadilishe, na manifesti irekebishwe kabla ya kutoa tamko la forodha. Ankara ya Guangzhou haitupwi. Inakaa kwenye faili pamoja na risiti za benki, kwani forodha inaweza kudai vitabu hadi miaka mitano baada ya mzigo kuingia.

Kuna kona moja ambayo wengi hawaioni. Mzigo ule ule ukishateremshwa, ukakaa ghala la dhamana na kuuzwa humo kabla ya ushuru kulipwa, mauzo hayo si ya kuuleta nchini, maana umeshafika. Kwa jinsi ninavyolisoma Jedwali, msingi unabaki dola 20,000. (Wauza magari yaliyotumika wasisisimke: Mamlaka ya Mapato, TRA, huyathamini kwa kikokotoo chake, hivyo mzozo wa ankara ipi hauwahusu sana.)

Ndiyo maana ofisa mzoefu, kabla hajatazama bei, huangalia tarehe ya ankara ya pili na kuilinganisha na siku meli ilipotia nanga.