Neno "gato" katika magazeti

Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002 yalipozaa serikali ya 2003, yenye Prezidenti mmoja na makamu wanne, magazeti ya Kinshasa yalipenda kusema: wakubwa wanagawana gato. Neno hilo lilibaki, hata katika habari za biashara ya madini.

Ni neno tamu, ndiyo hatari yake. Gato inafika mezani imekwisha kuiva. Hatuulizi nani alilima ngano, nani alichota maji, nani alilipa sukari. Tunaangalia tu nani ameshika kisu. Tena gato ikiliwa imekwisha, hakuna wa kutoa hesabu. Wizara ni kazi, na mwenye kazi huulizwa hesabu.

Mtu atajibu: Waluba nao husema chifu "amekula" ufalme. Ni kweli, lakini huyo alikula pamoja na miiko yake, na wazee walimwangalia.

Gazeti likiandika "wamegawana wizara na mishahara yake", msomaji atauliza: mishahara gani, inatoka wapi? Likiandika "gato", anacheka na kugeuza ukurasa.