Ushahidi wa Majivu

Siku moja nilipokuwa nikifundisha habari za wahenga wa binadamu, nilitaja fuvu lenye umri wa miaka milioni 2. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akaniuliza, "Mwalimu, nani aliyekuwapo akaihesabu miaka hiyo?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu. Nakuletea wewe, msomaji, jibu ambalo siku ile sikuwa nalo.

Ukiokota mfupa uliogeuka jiwe, waweza kujua mengi kwa kuutazama. Utajua kama ni wa mkono au wa mguu, wa mtoto au wa mtu mzima. Lakini ukiusihi mchana kutwa hautakuambia ulizikwa lini. Umri wa mfupa wa zamani sana hutafutwa katika udongo na mawe yaliyouzunguka. Kwa hiyo nyuma ya kila habari ya namna hii wamo watu wawili: aliyeuona mfupa, na aliyeyasoma mawe. Picha ya wa kwanza hutiwa magazetini. Jina la wa pili ni shida kulikuta hata katika vitabu vya shule.

Katika insha hii nataka tuipime kazi ya mmoja wa hao wa pili. Naye ni Frank Brown, mwanajiolojia wa Marekani, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Utah, akachunguza nchi ya mto Omo na Ziwa Turkana tangu miaka ya 1960 hata alipokaribia kufa, mwaka 2017. Kumpima mtaalamu si kumsifu wala kumtukana. Ni kuuliza alitaka kujua nini, alithibitisha kwa njia gani, na je, njia hiyo yaweza kukaguliwa na mtu asiyempenda?

Ili uione thamani ya kazi hiyo, yakupasa kujua ugomvi ulioitangulia. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe huko Koobi Fora, mashariki ya ziwa, katika tabaka la majivu ya volkano. Tabaka hilo likaitwa KBS kwa ajili yake. Majivu yalipelekwa Uingereza, na wapimaji Fitch na Miller wakasema yana umri wa miaka milioni 2.6 hivi. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya aliyekuwa katika kundi la Richard Leakey, akaona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo hilo. Vilipounganishwa likapatikana fuvu maarufu la namba 1470. Kwa kuwa lilikuwa chini ya majivu, lilihesabiwa kuwa na miaka milioni 2.9. Dunia ikashangaa, na sisi Wakenya tukajivuna.

Ila nguruwe walikataa. Basil Cooke, aliyejua sana visukuku vya nguruwe, alionyesha kwamba nguruwe wa Koobi Fora waliokuwa chini ya majivu yale walifanana na nguruwe wa Omo wa miaka milioni 2 tu. Mwaka 1975 Garniss Curtis akapima majivu upya, akapata milioni 1.8 na 1.6. Wataalamu wakagawanyika, na kila upande ukashika lake.

Hapa ndipo kazi ya Brown ilipoonyesha nguvu yake. Yeye na wenzake, akiwamo Thure Cerling, hawakuanza kwa kuuliza umri. Waliuliza neno dogo zaidi: je, majivu haya ya Kenya na yale ya Omo yalitoka katika mlipuko mmoja? Volkano inapolipuka hutoa vipande vidogo vya kioo, na kila mlipuko una mchanganyiko wake wa chuma na madini mengine, kama kila mpishi alivyo na mkono wake wa chumvi. Walipima kioo cha huku na cha kule, na mwaka 1979 wakatangaza kwamba tabaka la KBS ni lile lile liitwalo H2 huko Omo, ambalo halifiki miaka milioni 2. Mwaka uliofuata Ian McDougall wa Australia alipima fuwele safi kutoka katika majivu hayo, akapata milioni 1.9 hivi. Kosa la kwanza likaeleweka: fuwele za mawe ya kale zaidi zilikuwa zimechanganyika na majivu zikaongeza umri wake. Fuvu la 1470 likashuka, likawa na miaka milioni 2 hivi.

Tazama uzuri wa njia hii, msomaji. Majivu hayana taifa wala hayatafuti sifa. Mtu yeyote mwenye vyombo aweza kuyapima tena. Mwaka 1982 Brown alionyesha kwamba tabaka la Tulu Bor la Koobi Fora ni moja na tabaka la Sidi Hakoma huko Hadar, Ethiopia, ilikopatikana mifupa ya Lucy. Nchi mbili zilizotengana kwa mamia ya kilomita zikasomeka kama kurasa za kitabu kimoja.

Tena kazi hiyo ilitufunulia nchi yenyewe, wala si umri peke yake. Tukitazama Turkana ya leo, yenye jua kali na upepo, twadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Brown na Craig Feibel walionyesha kwamba ziwa halikuwapo wakati wote. Palikuwa na nyakati ambapo mto mkubwa ulipita hapo ukaenda zake mpaka Bahari ya Hindi, na visukuku vya taa, samaki ajulikanaye sana na wavuvi wa pwani, vimepatikana katika udongo wa bara hilo. Cerling naye, kwa kupima kaboni katika udongo wa kale, alieleza mwaka 2011 kwamba mahali pengi walipoishi wahenga wetu miti ilifunika chini ya asilimia 40 ya ardhi. Basi aliyefikiri kwamba walikaa katika msitu mnene, na afikiri tena.

Je, kazi hii haina kasoro? Inazo. Kwanza, majivu hutaja siku ya mlipuko, si siku ya mazishi. Majivu mengi ya Turkana yaliletwa na mto, na yaweza kuwa yalichelewa njiani. Pili, mfupa uliolala kati ya matabaka mawili hupewa mipaka ya umri tu, na mipaka hiyo yaweza kuachana sana. Tatu, sehemu kubwa ya maandishi ya Brown ni makala ya wataalamu, yaliyojaa hesabu na majedwali. Watoto wa Lodwar na Marsabit, ambao nchi yao ndiyo kitabu chenyewe, hawawezi kuyasoma. Kasoro hii ya tatu naiona kubwa kuliko zote, na lawama si yake peke yake. Ni yetu pia sisi walimu, tulioacha kufasiri.

Lakini kipimo kikubwa kilikuja baada ya kufa kwake. Mifupa ya watu wa namna yetu iliyopatikana Kibish, Ethiopia, mwaka 1967, ilipewa na McDougall, Brown na Fleagle umri wa miaka 195,000 hivi, mwaka 2005. Mwaka 2022 Céline Vidal na wenzake walichukua majivu yaliyolala juu ya mifupa hiyo, wakayalinganisha na ya volkano ya Shala. Wakaona kwamba umri wake haupungui miaka 233,000 hivi, huku wakikiri kwamba hesabu yao yaweza kuzidi au kupungua kwa 22,000. Basi Brown alisahihishwa kwa njia ile ile aliyoitumia kuwasahihisha wengine. Kwangu mimi hiyo si aibu. Mjenzi aliyeacha kamba iliyonyoka aweza kupimiwa ukuta wake mwenyewe.

Sasa naweza kumjibu kijana yule. Hakuna mtu aliyekuwapo. Majivu yalikuwapo, na watu wamejifunza kuyauliza, wakakosea, wakaulizana tena mbele ya wote. Nawe, msomaji, utakapoambiwa kwamba kitu fulani kina umri wa miaka milioni kadha wa kadha, usikubali upesi wala usikatae upesi. Uliza kimepimwaje, na nani mwingine amekipima.