Mwindo ndani ya kitabu cha watoto

Mara kwa mara watu wanatuomba sisi walimu tutafute hadithi ya kwetu yenye kufundisha watoto wasitenge wenzao. Wengi wanataja Mwindo wa Wanyanga, kule Walikale, na haki wanayo. Ni hadithi ya jamaa: baba, mama, shangazi, na mtoto asiyetakiwa. Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969 kwa Kinyanga na Kiingereza.

Shida ni namna ya kuikata. Mwami Shemwindo anawakataza wake zake saba wasimzalie mtoto mume. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba anamtupia mikuki, anaamuru azikwe akingali hai, tena anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Tukiruka kutoka pale mpaka kwenye ushindi, mtoto atasoma nini? Kwamba aliyefukuzwa anapokelewa juu ya nguvu zake. Basi yule anayeingia kalasi na magongo, asiye na usinga wa ajabu kama wa Mwindo, yeye angoje nini?

Mimi naona utamu uko fasi zingine, zile ambazo wenye kuandikia watoto wanaogopa. Chini ya ardhi, karibu na kwa Muisa, Mwindo anamkuta Kahindo, mwili umejaa buba. Huyo mwenye vidonda ndiye anayempa akili ya kuingia kwa Muisa bila kufa: kiti ukatae, pombe ukatae. Naye Mwindo anamuosha vidonda, anamponyesha. Hakuna vita pale, hakuna mtu anayepiga makofi. Ukisema "hapana, hii ni chafu kwa watoto", umeshaondoa mgonjwa kwenye kitabu cha kupokea wagonjwa!

Halafu kuna baba. Mwindo anamfuata mpaka anamkamata, lakini hamuui. Anamrudisha nyumbani, na Shemwindo anakiri makosa yake mbele ya watu wote, shangazi Iyangura akiwapo. Mzee kumwomba mtoto wake msamaha hadharani, kwetu haionekani kila siku. Hiyo ipewe kurasa za kutosha.

Na mwisho wake usikatwe. Mwindo anaua zimwi Kirimu, rafiki ya Nkuba, yaani Radi. Nkuba anamchukua mbinguni mwaka mzima: baridi, mvua, jua kali. Akisharudi ndipo anawapa watu sheria zake: kilema akipita kijijini msimcheke, watoto wapokeeni, wa kiume na wa kike, warefu na wafupi. Angalieni vizuri: sheria hiyo haikutoka kwake siku ya kushinda. Imetoka kwa mtu aliyekwisha kuteswa na kunyamazishwa.

Kama kitabu kitatoka siku moja, Kinyanga kiwe upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, na nyimbo zibaki kwa Kinyanga, maana watoto wanapenda kuitikia. Na mchoraji amchore Kahindo na buba zake.