Darasa Chini ya Mlima Meru

Kongole kwa walimu, waongozaji na askari wa wanyamapori wanaofanikisha ziara za mafunzo za wanafunzi wa Arusha.

Kazi yao huonekana vizuri katika Hifadhi ya Taifa Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 karibu kabisa na jiji. Ukingoni mwa kasoko ya Ngurdoto, watoto huwatazama nyati wakilisha bondeni, kisha huelezwa kwa nini wageni hawaruhusiwi kushuka: wanyama nao wanahitaji pahali pa kutulia. Kwenye maziwa ya Momella huona kwamba maji ya magadi hustawisha mwani, na mwani huwalisha heroe. Somo lililowachosha ubaoni huwaingia hapo bila kusukumwa.

Mjini, Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, huwaonyesha asili ya binadamu. Nayo Makumbusho ya Azimio la Arusha huwakutanisha na uamuzi wa mwaka 1967 uliobadili mwelekeo wa taifa.

Mwalimu huwahesabu wanafunzi kila kituo. Askari hutangulia na bunduki yake, macho vichakani. Mwongozaji hujibu swali la mwisho kwa upole uleule wa swali la kwanza. Uvumilivu huo ndio unaowalea wahifadhi na wanahistoria wa kesho.

Wazazi na wafadhili, tuchangie nauli ili hata mtoto wa shule ya kijijini asibaki nyuma. Nanyi mnaowaongoza, hongereni sana, mnalitumikia taifa.