KUFUNGA, KUKATA NA KUVURUGA
Maneno ya Kiswahili mintarafu ya redio zilizonyamazishwa

Katika mwezi wa Mei, 2015, Warundi kwa maelfu walivuka mpaka wakaingia Tanzania. Wengi walishukia Kagunga, kijiji kilicho kando ya Ziwa Tanganyika, wakachukuliwa na meli ya Liemba hadi Kigoma, na kutoka hapo kwa magari hadi kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, ilijaa pomoni. Ikalazimu mwezi wa Oktoba kufungua tena kambi ya Nduta, Kibondo, na mapema mwaka 2016 kambi ya Mtendeli, Kakonko. Mambo hayo yalielezwa kirefu kwa Kiswahili. Pamoja nayo ilielezwa habari nyingine, aghalabu kwa sentensi moja tu: kwamba redio za watu binafsi nchini Burundi zimefungwa. Sentensi hiyo yastahili kuchunguzwa, kwa sababu kitenzi kimoja kilitwishwa mizigo mingi isiyofanana, na msomaji aliyekipokea hakuweza kujua ni upi aliopewa.

Yaliyotokea yalikuwa hivi. Tarehe 25 Aprili, 2015, chama cha CNDD-FDD kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea urais kwa mara ya tatu, na kesho yake maandamano yakaanza Bujumbura. Serikali ilizikataza redio kutangaza maandamano moja kwa moja. RPA, redio iliyoanzishwa mwaka 2001, ilisimamishwa. Isanganiro na Bonesha FM ziliachwa zisikike mjini, lakini mitambo ya kurushia matangazo yao mikoani ilikatwa. Tarehe 13 Mei, Nkurunziza alipokuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni kwamba amempindua. Siku hiyo Rema FM, redio iliyokuwa upande wa serikali, ilishambuliwa na wapinzani wake. Kisha RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zikashambuliwa na kuharibiwa, na moto ukatumika. Mapinduzi yakashindwa. Baadhi ya watangazaji walikimbilia Rwanda, na sauti zao zikarudi kwa njia ya simu za mkononi katika vipindi vya Inzamba na Humura.

Majina hayo yenyewe ni somo kwa mwanafunzi wa lugha. Isanganiro ni mahali watu wanapokutana. Inzamba ni baragumu. Humura ni neno la kumtuliza mtu asiogope. Bonesha ni kuangaza, na mzizi wake ndio ule wa Kiswahili ona, isipokuwa Kirundi kimehifadhi b ambayo Kiswahili kimeidondosha. Nao Waha wa Kasulu na Kibondo hawahitaji mkalimani hapo, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno hata wasemaji wake husikilizana. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilijengwa juu ya udugu huo wa lugha, na jina lake maana yake ni kutumaini. Kwa hiyo katika nyanda hizo za juu Kiswahili hakikuwa lugha pekee ya kupokelea habari za ng'ambo ya mpaka. Kilikuwa lugha ya kuzieleza kwa taifa zima, na hapo ndipo wajibu wake unapopimwa.

Sasa na tukitazame kitenzi. Mlango hufungwa na mwenye nyumba, akaufungua atakapo. Duka hufungwa jioni. Neno hilo lina utaratibu ndani yake, na lina ahadi ya kufunguliwa. Lafaa kwa RPA ya Aprili, iliyosimamishwa kwa amri. Halifai kwa Isanganiro ya siku zile zile, ambayo studio yake ilikuwa wazi na watangazaji wake wakisema, ila mkulima wa mkoani hakusikia kitu, hiyo ilikatwa. Wala halifai hata kidogo kwa jengo lililoshambuliwa mwezi wa Mei. Kusema kwamba nyumba iliyochomwa imefungwa ni kumstahi mchomaji kupita kiasi. Isanganiro na Rema zilirudi hewani Februari 2016, na Bonesha Februari 2021. Ni haki kusema zilifunguliwa, lakini kwanza zilihitaji kujengwa tena.

Kosa la pili ni la kisarufi, nalo ni zito zaidi. Kiswahili kina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Matangazo yakikatwa, yupo aliyekata, hata kama hakutajwa. Matangazo yakikatika, hayupo: huenda ni mvua, huenda ni betri, huenda ni kilima. Msikilizaji aliyeko bondeni karibu na mto Malagarasi huanza daima na kauli ya pili, kwa kuwa kimya hakina sahihi. Anachoweza kushuhudia ni kwamba redio imezimika. Ili aseme imezimwa lazima apate habari kutoka mahali pengine, na mahali pale pengine ndipo palipozimwa. Mwandishi basi amewekwa baina ya kauli hizo mbili kama hakimu. Akiandika kutendeka ilhali anamjua mtendaji, amemficha. Akiandika kutendwa bila ushahidi, amezua. Wakimbizi wengi waliofika Kasulu walitoka mkoa wa Makamba, yaani upande ule wa vijijini ambako mitambo ilikatwa kwanza, na mtu aliyenyimwa taarifa hula uvumi.

Hapa ndipo panapoingia tendo la tatu, ambalo watu hulitaja ovyo: kuharibu usikivu kwa kupeleka kelele katika masafa yale yale ya redio nyingine. Wengine hulieleza kwa neno kuziba. Neno hilo halilengi. Kuziba ni kuondoa nafasi, kama kuziba tundu au sikio. Lakini aliyefanya tendo hili hakuyaondoa masafa, bali ameyajaza. Katika FM chombo cha kupokelea hufuata wimbi lenye nguvu zaidi, hivyo mgeni mwenye nguvu humfunika mwenyeji. Katika masafa mafupi sauti zote mbili husikika pamoja, kwa mvumo na mkwaruzo. Kuvuruga ndilo neno linalofaa, maana maji yaliyovurugwa bado ni maji, ila hayanyweki. Na kwa kuwa mvurugo hufanana na hali mbaya ya hewa, tendo hili ndilo linalojificha vema kuliko yote katika kauli ya kutendeka. Lakini haifai kulibandika mahali ambapo halikutajwa na ushahidi. Mambo ya Burundi ya 2015 yanayojulikana kwa yakini ni amri, ukataji na uharibifu. Anayeyaita yote uvurugaji wa mawimbi amefanya kosa lile lile la anayeyaita yote ufungaji.

Sheria za mataifa zilikwisha kutenganisha mambo haya. Katiba ya Shirika la Mawasiliano la Kimataifa huipa dola, katika kifungu cha 34, haki ya kukata mawasiliano ya binafsi yanayohatarisha usalama wake. Kifungu cha 35 chaeleza kusimamisha huduma, kwa sharti la kuwaarifu wengine. Na kifungu cha 45 chakataza vituo kuingilia vingine kwa madhara. Hata redio za ridhaa, ambazo watu huzungumza nazo kwa kupenda tu wala si kwa kutangazia umma, zina kimya chao cha pekee: kanuni huruhusu mazungumzo baina ya nchi na nchi mradi serikali mojawapo haijatoa pingamizi. Hapo hapana moto wala kelele, ni karatasi tu. Neno ridhaa, lililochukuliwa kutoka michezoni, limepata hivyo maana mbili: ridhaa ya mwenye chombo na ridhaa ya dola.

Yupo atakayesema kwamba uchambuzi huu huwapendelea watangazaji. Na aikumbuke RTLM ya Kigali, iliyoanza mwaka 1993 na kuchochea mauaji ya mwaka 1994, hata Watutsi na Wahutu wakawa wakimbizi na robo milioni ya watu wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi mwishoni mwa Aprili. Wakati ule kuvuruga mawimbi kulitamaniwa na watu wa haki. Tarehe 5 Mei, 1994, Frank Wisner wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani aliandika kwamba njia hiyo haifai na ni ya ghali, kadiri ya dola 8,500 kwa kila saa ya ndege kuwa angani. Mahakama ya Arusha iliwatia hatiani wakuu wa chombo hicho tarehe 3 Desemba, 2003, baada ya maneno yao kwisha kutenda kazi. Hoja hii ina nguvu, lakini haiutetei ulegevu wa maneno. Huudai usahihi zaidi. Kitenzi cha kweli hakimhukumu mtendaji. Humtaja tu, ili wengine wapime kama alikuwa na haki.

Kwa hayo yapendekezwa kwamba waandishi na watunga kamusi wayatenge maneno haya: kusimamisha, kwa tendo la amri, kukata, kwa kuondoa mitambo au nyaya, kuvuruga, kwa kelele iliyopelekwa makusudi, kuharibu au kuchoma, kwa yale yaliyofanywa kwa mikono na moto, na kufungia, kwa kunyimwa kibali kwa muda uliotajwa, kama BBC na Sauti ya Amerika zilivyofanyiwa Burundi mwezi wa Mei, 2018, kwa miezi 6. Kauli ya kutendeka iachiwe mvua na betri, na yule msikilizaji ambaye kweli hajui.