Figa la Tatu: Tahakiki ya Ushirikiano wa Chuo Kikuu na Kiwanda katika Uhandisi wa Chakula

Ushirikiano wa vyuo vikuu na viwanda aghalabu hupimwa kwa idadi ya hati za makubaliano zilizotiwa saini na ya wanafunzi waliopelekwa viwandani kwa mafunzo kwa vitendo. Kipimo hicho hakigusi swali la msingi: tatizo linalochunguzwa limechaguliwa na nani, na kwa manufaa ya nani? Tahakiki hii inalijadili swali hilo kwa kurejelea historia ya usindikaji wa vyakula vya makopo nchini Marekani.

Mwaka 1895, William Lyman Underwood, wa kampuni ya familia iliyosindika vyakula vya makopo, alikwenda Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, wakati huo kikiwa mjini Boston, kuomba msaada. Makopo yake ya samakigamba yalikuwa yakivimba na kuharibika. Alikutanishwa na Samuel Cate Prescott, mwanabiolojia kijana, nao wakabaini kwamba spora za baadhi ya bakteria hustahimili maji yanayochemka. Ili kuziua, makopo yalipaswa kupashwa kwa mvuke wenye kanieneo kubwa hadi nyuzijoto 121 za sentigredi kwa dakika 10.

Ubora wa ushirikiano huu umo katika mambo mawili. Kwanza, kiwanda kilifichua hasara yake badala ya kuisetiri. Pili, matokeo yalichapishwa, hivyo hata washindani wakaweza kuyasoma. Kutokana na kazi ya aina hiyo taaluma ikakua: mwaka 1939 Prescott alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wanateknolojia wa chakula cha Marekani.

Hata hivyo, swali lililoulizwa lilikuwa la mwenye mali: kwa nini bidhaa inaharibika? Swali la mlaji, yaani kwa nini chakula kinaua, lilikuwa likichunguzwa kwingine. Mwaka huohuo wa 1895, huko Ubelgiji, Émile van Ermengem alianza kuchunguza nyama ya nguruwe iliyowadhuru waliokula, akamtambua bakteria wa botulizimu. Sumu ya bakteria huyo inaweza kuwamo hata katika kopo lisilovimba. Kiwanda kinachotafuta dawa ya makopo yaliyovimba hakina sababu ya kulishuku kopo lililotulia.

Pengo hilo lilidhihirika mwaka 1919, zeituni zilizosindikwa California zilipowaua walaji katika majimbo ya Ohio na Michigan. Maarifa ya joto la juu yalikuwa yamekwisha kuchapishwa kwa zaidi ya miaka 20. Kilichokosekana ni mamlaka ya kumlazimisha msindikaji kuyafuata. Mwaka 1920, Bodi ya Afya ya California iliamuru zeituni zipashwe kwa nyuzijoto 116 hivi kwa dakika zisizopungua 40. Mwaka 1922, Esty na Meyer, kwa fedha za wasindikaji wenyewe, walichapisha vipimo vya ustahimilivu wa spora za botulizimu, ambavyo vimekuwa msingi wa hesabu za usindikaji hadi leo. Sheria ya mwaka 1925 ikaweka ukaguzi wa dola viwandani. Fedha bado zilitoka kiwandani na maarifa chuoni, lakini swali sasa lilitoka kwa umma.

Funzo hili linazihusu nchi zetu moja kwa moja. Mwaka 2004, sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mahindi yaliyowaua kwa sehemu kubwa yalikuwa ya wakulima wadogo, waliyoyavuna na kuyahifadhi wenyewe. Hakukuwa na kiwanda kilichopata hasara na kubisha hodi chuoni. Utafiti unaosubiri mwaliko wa kiwanda hauwezi kuwafikia walaji wa namna hiyo. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayefundishwa kuendesha mtambo tu, bila kufundishwa kuuliza ni nani atakayekula kinachotoka humo, amepata nusu ya elimu.

Tahakiki hii haipingi ushirikiano wa chuo na kiwanda. Inapinga kuuona kuwa umekamilika kwa pande hizo mbili. Chungu hakiinjikwi kwa mafiga mawili. Figa la tatu ni mlaji, akiwakilishwa na mamlaka yenye nguvu ya kukagua na kuamuru. Panapokosekana figa hilo, chungu kikipinduka, anayeungua ni mlaji.