Ricky Hakuuliza Mashine Iliandika Nini

Wandugu, nimeangalia filamu Sorry We Missed You mara mbili. Mara ya kwanza nililia juu ya ile familia. Mara ya pili nilikasirika, na si kwa sababu ya boss peke yake. Naandika juu ya ile hasira ya pili, kwani inatuhusu sisi wenye tunatoka chuo na kukimbilia kazi yoyote yenye inapatikana.

Filamu ni ya Mwingereza Ken Loach, iliandikwa na Paul Laverty, ikatoka 2019. Ricky anaishi Newcastle. Vibarua vya ujenzi vimemuchosha, anaenda kutafuta kazi ya kupeleka vifurushi. Maloney, shefu wa depo, anamuambia kwamba hapa hakuna kuajiriwa: kila dereva ni boss wa nafsi yake. Bibi yake, Abby, mwenye anahudumia wazee na wagonjwa nyumba kwa nyumba, anauzisha gari lake ili wapate makuta ya kuanzia.

Halafu Ricky anapewa skana. Ile mashine ya mkononi inasoma vifurushi, inafuata gari, inapanga saa ya kufika, na dereva akitoka kwenye gari zaidi ya dakika mbili inaanza kulia. Mwenzake anamupa chupa tupu ya kukojolea. Ricky anacheka. Baadaye wezi wanamupiga, wanamumwangia ile mikojo, wanavunja skana. Akiwa bado hospitali, uso umevimba, Maloney anapiga simu: skana ni pauni 1,000, na ni yeye atalipa.

Loach ameona vizuri kitu kimoja: mashine haina hasira, kwa hiyo hakuna mtu wa kubishana naye. Hata siku nzuri kuliko zote, yenye binti yake anamusindikiza ndani ya gari na wanacheka, inaishia kwa Maloney kukataza. Baba hana tena ruhusa ya kutembea na mtoto wake ndani ya gari yenye yeye mwenyewe analipa.

Lakini ndipo lawama yangu inaanzia. Filamu inaonyesha skana kama kitu cha kutoa amri. Haionyeshi sana kwamba skana inaandika pia. Kila kusimama, kila kuchelewa, inaandikwa, na mwenye anashika maandishi ndiye anashika mtu. Filamu ni ya dakika 100 hivi, na ndani yake hakuna hata dereva mmoja mwenye anauliza: umeandika nini juu yangu? Nionyeshe.

Mtu atasema Ricky hakuwa na haki hiyo kwa sababu hakuwa muajiriwa. Hapana. RGPD, sheria ya Ulaya ya kulinda data za watu, ilianza kutumika mwezi wa tano 2018, na Uingereza ilikuwa bado ndani. Sheria hiyo haiulizi una kontra ya namna gani. Inauliza tu kama data ni zako. Madereva wa Uber na Ola, kati yao Waingereza, waliipitia njia hiyo wakisaidiwa na chama chao. Mwezi wa nne 2023, Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam iliwapa haki katika mambo mengi: wapewe data zao, na waelezwe namna programu ilivyoamua, hata kuwafungia akonti. Watu kama Ricky kabisa. Filamu inatuachia huruma tu, na huruma haimurudishii mtu mshahara.

Najua juu ilinipata. Nilifanya ankete nyumba kwa nyumba, tableti mkononi, GPS inawaka siku nzima. Mwisho wa juma walinikata malipo ya siku mbili: mashine imesema nilisimama pahali pamoja muda mrefu. Ni kweli nilisimama. Mvua ilikuwa inanyesha, na mama mwenye nilipaswa kumuuliza alikuwa shambani, nikamungojea. Nilinyamaza. Karatasi yangu iliitwa prestation, nikafikiri mtu wa prestation hana haki yoyote. Nilikuwa Ricky mwenye diploma.

Kumbe kwetu sheria iko. Katiba, kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi ya kila mtu. Na Code du numérique, ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inampa mtu haki ya kuona data zake na kuomba zisahihishwe. Haisemi muajiriwa peke yake. Inasema mtu.

Sikatai kwamba mashine ina faida. Tunawajua wenye wanajaza fomu zote wakiwa chini ya muembe. GPS iwakamate. Lakini kama inaweza kunishitaki, niweze pia kusoma mashitaka na kujibu, mbele ya mtu mwenye ana uwezo wa kubadilisha uamuzi.

Kwa hiyo angalieni hiyo filamu, ni nzuri. Halafu kabla ya kusinya, muulize: mashine inakusanya nini? Nani anasoma? Inazima saa ngapi? Wakinikosoa, nitaonyeshwa wapi? Mtu mmoja akiuliza, ataitwa mkaidi. Watu kumi wakiuliza siku moja, itabidi wajibiwe.

Mimi zile namba za siku mbili sijawahi kuziona. Juma hili naandika barua ya kuziomba. Kama na wewe uko na ya kwako, andika hapa chini, tuzipeleke pamoja.